Stima Ikipotea, Nani Aulizwe?



Taa zinapozimika jioni katika nchi yetu ya Kenya, neno la kwanza linalosikika kutoka mlango hadi mlango ni hili: "Stima imepotea." Tumelizoea hata hatulisikii tena. Hatusemi kwamba kuna mtu aliyeikata, wala kwamba kuna mtu aliyeshindwa kuilinda. Twasema imepotea, kana kwamba ni mbuzi aliyekata kamba akaingia kichakani. Na hata huyo mbuzi, akipotea, jambo la kwanza analouliza mwenye mali ni nani aliyekuwa akimchunga. Kwa stima hatuulizi. Twawasha mshumaa, twangoja, na inaporudi watoto hushangilia kijiji kizima kama kwamba wamepewa zawadi na mtu asiyewadai kitu.

Katika kijitabu hiki tunataka kuliuliza swali hilo la mchungaji. Hatuandiki juu ya bei ya umeme, ingawa bei inauma. Wala hatuandiki juu ya vijiji ambavyo nyaya hazijavifikia. Tunaandika juu ya jambo ambalo halitajwi sana kwenye mikutano ya hadhara: ni nani anayesimamia uthabiti wa gridi ya taifa, anawasimamia akina nani, na yeye mwenyewe anasimamiwa na nani. Hoja yetu twaitoa mapema bila kuzunguka. Wanaozalisha, wanaosafirisha na wanaosambaza umeme wameachiwa kuwa mashahidi wa makosa yao na mahakimu wa makosa hayo hayo. Mwamuzi aliyewekwa na sheria, ambaye mshahara wake tunaulipa sisi, bado hajazoea kusimama mbele ya watu na kueleza aliyoyaona.

Usiku wa Agosti na baada yake

Siku ya Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, saa nne kasorobo usiku, karibu nchi nzima ilizama gizani. Sehemu nyingi hazikuona mwanga hadi siku iliyofuata. Katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta wasafiri walikaa gizani, kwa sababu hata jenereta za akiba hazikufanya kazi yake ipasavyo. Waziri wa Uchukuzi aliomba radhi hadharani, na mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaachishwa kazi. Mtazame jambo hili kwa makini. Aliyepoteza kazi ni yule ambaye jenereta lake halikuwaka baada ya gridi kuanguka. Kuhusu kuanguka kwa gridi yenyewe, hatukusikia mtu akiulizwa kwa ukali wa namna hiyo.

Kenya Power ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kupotea kwa ghafla kwa umeme wa kituo cha upepo cha Ziwa Turkana kilichoko Loiyangalani, na kwamba upungufu huo uliiangusha mitambo mingine. Wenye kituo hicho walikataa. Walisema wakati ule walikuwa wakizalisha megawati 270, na kwamba mitambo yao ilijizima yenyewe ili isiharibike, kwa sababu msongo wa umeme katika gridi ulikuwa umepanda kupita kiasi. Kwa maneno mengine, mmoja alisema, "Uliniangusha," na mwenzake akajibu, "La, wewe ndiwe uliyenisukuma."

Katika ugomvi wa mpaka wa shamba, wazee hawaruhusu majirani wawili waamue wenyewe nani amesogeza jiwe. Huitwa mtu wa tatu. Hupima kwa hatua, huuliza waliokuwapo, kisha hutamka mbele ya wote. Baada ya usiku ule wa Agosti tulingoja kutamkiwa. Hadi leo hatujapata mikononi mwetu ripoti ya mtu huyo wa tatu, yenye saa, dakika na sekunde za kila tukio, inayoeleza nani alisema kweli. Kama imeandikwa, haijafika vigangoni, na ripoti iliyofungiwa kabatini haimsaidii aliyepoteza mali.

Giza likarudi tarehe 11 Novemba mwaka ule ule, na tena tarehe 10 Desemba. Safari hiyo ya Desemba Waziri wa Uchukuzi aliwaomba polisi wachunguze kama kuna hujuma. Hatumlaumu kwa kuchoka. Lakini ni ishara ya jambo gani, waziri wa barabara na ndege anapolazimika kumwita polisi ili aelezwe kwa nini mitambo ya umeme imezima? Kazi ya polisi ni kumtafuta mhalifu. Kuchunguza kama mitambo ya kinga ilipangwa sawasawa ni kazi ya wahandisi wenye mamlaka ya sheria na wasio na mkono katika kosa.

Mwaka 2024 mambo hayakutulia. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba, kwa mujibu wa maelezo ya Wizara ya Kawi, laini ya kutoka Loiyangalani ilikatika katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara laini iletayo umeme kutoka Ethiopia nayo ikakatika ikiwa na megawati 200. Jumla ni megawati 488 zilizotoweka kwa mkupuo, katika nchi ambayo mahitaji yake ya juu kabisa wakati huo yalikuwa kama megawati 2,200. Waziri alisema miundombinu ya kusafirisha umeme imezeeka. Twaamini. Lakini uzee hauji usiku mmoja, na laini zenyewe mbili zilizotajwa ni changa: ile ya Loiyangalani ilikamilika mwaka 2018, ile ya Ethiopia ilianza biashara mwaka 2022.

Wengi wenu mnamkumbuka yule tumbili. Tarehe 7 Juni 2016 alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, mashine zikazima, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi ikakosa umeme kwa saa kadhaa. KenGen ilitangaza kisa hicho yenyewe, na tumbili, aliyenusurika, akakabidhiwa shirika la wanyamapori. Tulicheka sana. Lakini katika miaka yote hii ya giza, tumbili yule ndiye mshukiwa pekee anayejulikana na nchi nzima kwa kosa lake. Swali halikuwa kwamba tumbili amepanda. Tumbili hupanda, ndiyo kazi yake. Swali lilikuwa kwamba gridi ya taifa zima iliwezaje kuangushwa na transfoma moja.

Gogo na wabebaji

Hapa tuvumiliane kidogo, maana asiyejua jinsi kitu kinavyofanya kazi hudanganywa kwa urahisi.

Umeme wa gridi, kwa sehemu kubwa, hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaotumika sasa ndio unaozalishwa sasa. Fikirini watu kumi waliobeba gogo zito mabegani wakipanda nalo mlima. Wote wanakwenda kwa hatua moja; katika gridi yetu hatua hiyo ni mapigo 50 kwa sekunde. Mbebaji mmoja mwenye nguvu akiteleza, uzito wake unawaangukia wale tisa, na hatua inapungua. Kila mmoja ameagizwa kwamba mgongo ukikaribia kuvunjika aachie, na ndivyo mitambo ilivyo: imewekewa kinga ya kujizima kabla haijaungua. Basi wa pili anaachia, wa tatu anaachia, na kwa dakika chache gogo liko chini na watu wote wamesimama pembeni, kila mmoja akiwa na sababu nzuri kabisa ya kuachia.

Kuteleza hakuepukiki. Radi itapiga, upepo utaacha kuvuma, tumbili atapanda. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huweka watu wanaotembea kando ya gogo mikono mitupu, tayari kuingiza bega mara moja. Huo ndio umeme wa akiba. Na akiba isipotosha, hukatwa matawi ya gogo upesi ili lipungue uzito: sehemu fulani za nchi huzimwa makusudi kwa muda ili nchi nzima isizime. Tena hawakubali mbebaji mmoja achukue mzigo mkubwa kiasi kwamba akianguka hakuna awezaye kumfidia.

Kwa hiyo baada ya kila giza, kuuliza nani aliachia kwanza ni swali dogo. Yako makubwa kuliko hilo. Usiku ule waliokuwa wakitembea kando ya gogo walikuwa wangapi? Je, matawi yalikatwa kwa wakati, au shoka lilikuwa butu? Ni nani aliyeidhinisha laini moja ibebe sehemu kubwa namna ile, na aliandika wapi sababu zake? Maswali haya yana majibu. Mitambo huweka kumbukumbu ya kila sehemu ya sekunde. Kinachokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuzisoma kumbukumbu hizo mbele yetu.

Mwenye timu na mwamuzi

Zamani za vijitabu vyetu vya kwanza, karibu kazi zote za umeme zilikuwa chini ya usimamizi mmoja. Sheria ya mwaka 1997 ilianza kuzitenganisha na kuunda bodi ya kudhibiti. Mwaka 2006 bodi ikageuka kuwa tume, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikaigeuza tume kuwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ambayo wengi huiita EPRA. Jina limebadilika mara kwa mara. Twauliza kama na uti wa mgongo umeongezeka.

Siku hizi KenGen na makampuni ya binafsi huzalisha. KETRACO, iliyoundwa mwaka 2008, hujenga na kumiliki laini kubwa mpya. Kenya Power humiliki laini nyingi za zamani, hununua umeme kwa wazalishaji na kutuuzia sisi. Kisha kuna chumba kimoja ambacho wananchi wachache wanakijua, chumba cha kuongozea gridi, ambamo huamuliwa kila saa nani azalishe, nani apunguze, wapi pazimwe. Kwa miaka mingi chumba hicho kimekuwa Barabara ya Juja jijini Nairobi, mikononi mwa Kenya Power. Yaani kampuni inayonunua na kuuza ndiyo pia iliyoshika usukani na kitabu cha kumbukumbu za safari. Sheria ya mwaka 2019 iliipa EPRA kazi ya kumteua mwendeshaji wa mfumo, na mazungumzo ya kuihamishia KETRACO kazi hiyo yamekuwa marefu. Sisi hatuna upendeleo kati ya makampuni haya mawili. Twasema tu kwamba aliyeshika usukani hafai kuwa ndiye anayeandika peke yake ripoti ya ajali, awe nani.

Sasa tazameni umiliki. Serikali ina asilimia 50.1 ya hisa za Kenya Power. Ina asilimia 70 ya hisa za KenGen. KETRACO ni yake yote. Na mwenyekiti wa EPRA huteuliwa na Rais, na wajumbe wengine wa bodi huteuliwa na Waziri. Katika mpira tungesema kwamba mwenye timu tatu kati ya nne uwanjani ndiye pia anayemchagua mwamuzi, na anaweza kumwondoa. Hatusemi kwamba waamuzi wa leo ni watu wabaya. Tunawajua wengine kuwa wahandisi hodari na waaminifu. Lakini mwaminifu naye ana watoto wa kusomesha, na si haki kumweka mtu mahali ambapo kusema kweli kunamgharimu kazi, kisha tukamlaumu kwa kunyamaza.

Mwamuzi huyu tunamlipa sisi. Katika kila uniti ya umeme tunayoinunua zimo senti za EPRA, pamoja na makato mengine. Mama anayenunua tokeni ya shilingi mia moja ili watoto wasome saa mbili amechangia mshahara wa mdhibiti. Kwa hiyo anapouliza kwa nini stima ilipotea, haombi hisani.

Wastani unaoficha

Wasimamizi watatuambia kwamba uthabiti hupimwa, na ni kweli. Hupimwa mteja wa wastani alikatikiwa mara ngapi na kwa saa ngapi, na EPRA hutoa hesabu hizo katika taarifa zake za takwimu. Twashukuru kwa hilo. Yako mataifa yasiyofanya hata hivyo. Lakini hesabu hizo hutokana na kumbukumbu za kampuni inayopimwa. Ni kama mwanafunzi kusahihisha mtihani wake nyumbani kisha kumletea mwalimu jumla ya alama.

Tena wastani hauna sura ya mtu. Katika kigango kimoja chetu, ambacho hatutakitaja kwa jina wala hatutaitaja ofisi yoyote iliyohusika, transfoma iliungua na zahanati ikakaa wiki kadhaa bila umeme. Chanjo zilihamishwa kwa pikipiki hadi hospitali ya mbali. Muuguzi aliwazalisha akina mama kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na jamaa wa mgonjwa. Wazee walipokwenda kuuliza, ofisi ya kwanza iliwatuma kwa ya pili, ya pili ikawarudisha kwa ya kwanza, na kila mahali waliandika barua mpya. Kaya chache za mlimani zikigawanywa kwa mamilioni ya wateja wa nchi, majuma yale yote hugeuka kuwa sekunde zisizoonekana. Kwa takwimu za taifa, kigango kile hakikupatwa na jambo lolote.

Ndiyo maana hatutosheki na wastani wa nchi. Twataka hesabu za kila kaunti na za kila laini ya kusambazia, zihakikiwe na mtu asiyekuwa mwenye laini, na zibandikwe mahali zinaposomeka.

Wengine wamefanyaje

Wapo watakaotuambia kwamba tunaota ndoto, kwamba mambo ya gridi ni ya kitaalamu mno kuwekwa hadharani. Basi tuwape mfano wa nchi ambayo sheria zetu nyingi zimerithi kutoka kwake.

Tarehe 9 Agosti 2019, huko Uingereza, radi ilipiga laini moja. Mara shamba la upepo la Hornsea lililoko baharini likajiondoa, na kituo cha gesi cha Little Barford kikajiondoa karibu wakati ule ule. Mwaonaje kufanana na yetu? Lakini kule matawi ya gogo yalikatwa kwa wakati. Wateja kama milioni moja walizimwa makusudi na mfumo wa kinga, nchi iliyobaki ikasimama, na katika saa moja umeme wa wale waliozimwa ulikuwa umerudi. Giza lao lilikuwa dogo kuliko letu mara nyingi, na bado hawakulipuuza. Mwendeshaji wa mfumo aliandika ripoti, na mdhibiti wao, Ofgem, hakutosheka nayo. Alifanya uchunguzi wake mwenyewe na kuutangaza Januari 2020. Wenye vituo viwili vilivyojiondoa wakakubali kulipa pauni milioni 4.5 kila kimoja, na wasambazaji waliovunja utaratibu wakati wa kurudisha umeme nao wakalipa. Kisha mdhibiti akauliza swali kubwa zaidi: je, ni sawa mwendeshaji wa gridi kuwa tawi la kampuni inayomiliki nyaya? Mnamo Oktoba 2024 kazi hiyo iliondolewa mikononi mwa kampuni ya nyaya na kukabidhiwa shirika la umma linalojitegemea.

Marekani na Kanada nao walijifunza kwa uchungu. Kabla ya mwaka 2003 kanuni zao za uthabiti zilikuwa za hiari. Makampuni yalikubaliana yenyewe na kuonyana yenyewe, kama wazee wanaokunywa chai pamoja. Tarehe 14 Agosti 2003 nyaya katika jimbo la Ohio ziligusa miti ambayo haikukatwa, king'ora katika chumba cha kuongozea mitambo kilikuwa kimekufa bila wahusika kujua, na watu wapatao milioni 50 wakakosa umeme. Kamati ya nchi hizo mbili ilichapisha ripoti iliyotaja makampuni kwa majina na kueleza kosa la kila moja. Sheria ya mwaka 2005 ikazifanya kanuni kuwa za lazima kwa Marekani, na tangu Juni 2007 mvunjaji aliweza kutozwa hadi dola milioni moja kwa siku kwa kila kosa.

Hatuwasifu kupita kiasi. Kule Texas, baada ya baridi ya Februari 2011, wataalamu waliandika kwamba mitambo ikingwe dhidi ya barafu. Yakabaki mapendekezo, kwa kuwa kukinga kunagharimu. Februari 2021 baridi ilirudi kwa ukali zaidi, na jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Ushauri ulikuwapo na ulikuwa mzuri. Haukuwa na meno. Tunawaomba viongozi wetu waukumbuke mkoa huo tajiri wenye mafuta na gesi kila wanapotuambia kwamba ripoti fulani "inafanyiwa kazi".

Yanayosemwa dhidi yetu

Tutaambiwa kwamba lawama ni za wananchi wanaoiba vyuma na nyaya. Hilo tunalikubali bila kigugumizi. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo kubwa za laini ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka, nchi ikazima, na ikaelezwa kwamba vyuma vyake vilikuwa vimefunguliwa na waharibifu. Maofisa kadhaa walikamatwa, na serikali ikasimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Aliyefungua vyuma vile ana mnunuzi, na mnunuzi huyo ana majirani, na majirani wengine wako kwenye viti vyetu vya mbele siku ya Jumapili. Hatuwezi kudai ukweli kwa wakubwa huku tukimfichia siri mwenye mizani ya vyuma. Hata hivyo, nguzo inayoibwa vyuma kidogo kidogo huonekana na anayeikagua. Kwa hiyo hata hapo tunarudi kwenye swali lile lile: ukaguzi wa nguzo hufanywa lini, na nani huhakikisha kwamba umefanywa kweli na haukuandikwa tu kitabuni?

Tutaambiwa pia kwamba nchi ni maskini, akiba ni ghali, na kila hatua ya uthabiti itaingia kwenye bili. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya kwanza, nasi hatuidharau. Kutengeneza gridi isiyoanguka kamwe kungegharimu kuliko tunavyoweza. Lakini kwa sasa gharama ya giza tayari tunailipa; haimo tu katika bili. Mchomeleaji anayesimama siku nzima, muuza samaki ambaye barafu yake imeyeyuka, shule inayonunua dizeli, wote wamelipa. Ni wao wa kuulizwa kama wangependa kulipa senti kidogo zaidi ili wapate akiba, au wavumilie. Uamuzi kama huo wa kuchagua kati ya bei na uthabiti ni wa wananchi. Leo hufanywa kimya kimya na watu wenye jenereta nyumbani.

Tunayodai na tutakayofanya

Twadai kwamba baada ya kila giza la nchi nzima, EPRA yenyewe ifanye uchunguzi, siyo kupokea tu barua ya kampuni, na itangaze matokeo katika muda uliowekwa na kanuni, kwa Kiswahili pia. Anayeongoza gridi atenganishwe kweli na anayenunua na kuuza umeme. Wajumbe wa bodi ya mdhibiti wateuliwe kwa njia ya ushindani ulio wazi na wakae kipindi ambacho Waziri hawezi kukikatiza kwa sababu ya ripoti asiyoipenda. Na fidia iwe jambo ambalo mtu wa kawaida anaweza kuipata bila wakili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma, hata kama mtoaji ni shirika la umma. Sheria ya Nishati nayo inataja fidia. Mwulizeni jirani yenu ambaye jokofu lake liliungua kama amewahi kuambiwa hivyo.

Tusingoje wakubwa waanze. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya au ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua haihitaji wakili wala ada ya kuiwasilisha. Tumeandaa nakala ya ombi la ripoti za uchunguzi wa tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba 2023, na ile ya 6 Septemba 2024, inayotaka kujua pia kiasi cha akiba kilichokuwapo kila siku kati ya hizo. Iko katika ofisi za parokia. Anayeitia sahihi aandike jina lake kamili, kwa sababu haki hii ni ya raia na haidaiwi bila jina.

Aidha, sheria inataka bei za umeme zipitiwe kila miaka mitatu, na kabla ya hapo wananchi husikilizwa. Katika vikao hivyo watu wetu wamezoea kupinga bei, kisha kurudi nyumbani. Kikao kijacho waende na vitabu. Tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo ifungue daftari moja la kawaida, na mtu mmoja apewe kazi ya kuandika: tarehe, saa stima ilipokatika, saa iliporudi, namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya transfoma, aliyepigiwa simu na jibu alilotoa. Pasiandikwe matusi, wala pasiongezwe dakika hata moja. Katibu wa kigango akusanye madaftari kila mwisho wa robo ya mwaka na kuyaleta parokiani, ambako hesabu zetu zitawekwa kando ya zile zinazotangazwa. Mahali zitakapotofautiana, hapo ndipo tutakapoanzia maswali yetu.